Mwenye Droni Akiuliza, Ajibiwe

Ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo watu wengi sasa huziita droni, si kitu kigeni tena katika miji na vijiji vyetu. Mpiga picha za arusi anayo, mpima ardhi anayo, mkulima mwenye shamba kubwa anayo, na hata kijana aliyeletewa zawadi na ndugu yake aliye ng'ambo anayo. Chombo hicho hununuliwa dukani kama redio, hutolewa katika sanduku lake, na kabla jua halijatua huwa kimekwisha kupaa juu ya mapaa ya nyumba. Walakini redio ikiharibika hunyamaza mezani. Droni ikiharibika yaweza kuanguka juu ya kichwa cha mtu, yaweza kuchukuliwa na upepo ikavuka ukuta wa kambi, na yaweza kuingia katika njia ya ndege yenye abiria.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kulizungumzia jambo ambalo halijapewa uzito wake. Mwenye droni anapopatwa na hitilafu, ni nani humsaidia? Makampuni yanayotengeneza vyombo hivi yako mbali. Lile kubwa kupita yote, DJI, lilianzishwa mwaka 2006 na makao yake yako Shenzhen katika China. Mengine yako Marekani na Ulaya. Muuzaji wa dukani mara nyingi hajui zaidi ya bei. Msaada karibu wote, basi, hutolewa kwa njia ya intaneti: mteja huandika swali lake, na jibu humjia kwa maandishi, mara nyingine kutoka kwa mtu, mara nyingine kutoka kwa mashine iliyofunzwa kujibu. Msaada huo ukiwa mzuri, chombo hutengenezwa kikiwa chini. Ukiwa mbaya, mwenye chombo hukirusha hivyo hivyo ili aone itakuwaje.

Huenda wako askari watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wafanya biashara na wateja wao. Hatukubaliani nao. Yule anayeitwa usiku kwenda kutazama kitu kilichoanguka ndani ya uzio ni askari wa lindo. Yule anayeandika katika kitabu cha matukio kwamba mtoto amekatwa na mapanga ya droni ni askari polisi. Hitilafu ambayo haikujibiwa mezani hufika mlangoni mwetu, na ikifika huwa imekwisha kuwa ajali au shauri.

Mifano ya mambo haya ipo, nayo inajulikana. Tarehe 23 Oktoba 1916 haikuwa na droni, bali tarehe 23 Oktoba 2016 kampuni ya GoPro ya Marekani ilianza kuuza droni yake iitwayo Karma. Kabla ya wiki tatu kutimia, tarehe 8 Novemba, kampuni hiyo ililazimika kuwataka wateja wazirudishe zote, zipatazo 2,500, kwa kuwa baadhi yake zilikuwa zikipoteza nguvu ya umeme zikiwa angani. Betri ilikuwa haishikwi barabara mahali pake. Kampuni ilirudisha fedha za wateja, ikarekebisha kifungo cha betri, na mwezi wa Februari 2017 ikaanza kuuza tena. Hapo twaona kampuni iliyosikiliza taarifa za wateja wachache, ikatambua kwamba kasoro ni moja, ikasema hadharani kwamba watu waache kurusha. Hilo lilikuwa jambo la haki.

Mwaka uliofuata, Agosti 2017, zilipatikana taarifa kwamba droni ndogo ya DJI iitwayo Spark, nayo, imezimika ikiwa angani mara kadhaa. Kampuni ilitoa programu mpya ya betri na ya chombo, ikawapa wateja muda mpaka tarehe 1 Septemba. Ambaye hangeiingiza programu hiyo, chombo chake kingekataa kupaa. Kwa upande wa usalama uamuzi huo ulifaa. Lakini mtu aliye mahali ambapo mtandao hukatika kila saa, naye hajui lugha iliyotumiwa katika tangazo, angeamka siku hiyo akakuta chombo chake hakiruki wala hajui sababu. Amri njema isiyomfikia anayeamriwa huzaa lawama.

Mfano wa tatu unawagusa polisi wenyewe. Mwezi wa Oktoba 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza ilitoa onyo kuhusu betri za TB50 na TB55, zinazotumika katika droni za DJI za aina ya Matrice 200. Vyombo hivyo vilikuwa vikitumiwa na vikosi vya polisi na vya zima moto. Baadhi yake vilizimika ghafula angani ilhali kipimo kikionyesha kwamba betri bado ina akiba. Vikosi kadhaa vilisimamisha vyombo vyao mpaka programu mpya ilipotolewa. Askari aliyekuwa akikiamini kile kipimo hakuwa na kosa lolote. Alihitaji mtu wa kumwambia mapema kwamba kipimo chenyewe kinadanganya.

Na mfano wa nne waonyesha kwamba wajibu wa mtengenezaji hauishi siku anapofunga biashara. GoPro ilitangaza Januari 2018 kwamba inaacha kutengeneza droni. Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wenye Karma wakakuta vyombo vyao havipati tena ishara za setilaiti wala dira haikubali kusawazishwa, vikawa haviruki. Kwa siku kadhaa wateja waliulizana wao kwa wao. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilitoa programu ya kurekebisha, ingawa biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuiacha. Kama isingefanya hivyo, vyombo vizima vingekuwa takataka.

Basi msaada mzuri ni upi? Askari yeyote aliyepita katika mafunzo anaijua njia. Bunduki inapokwama, mkufunzi hamwambii kuruta avute kifyatulio tena na tena. Kwanza humwambia aelekeze mtutu mahali salama. Kisha hufuata hatua kwa mpangilio, moja baada ya nyingine, mpaka sababu ipatikane. Fundi wa silaha huuliza ilikuwaje, imesafishwa lini, na risasi zilitoka ghala gani. Hakuna hatua inayorukwa, wala hakuna anayekisia. Droni yahitaji utaratibu ule ule.

Tuchukue hitilafu ya dira, ambayo huwapata wengi. Droni hujua mahali ilipo kwa kupokea ishara za setilaiti, na hujua imeelekea upande gani kwa msaada wa dira iliyomo ndani yake. Dira ikivutwa na chuma kilicho karibu, hizo habari mbili hazipatani. Chombo kikisukumwa kidogo na upepo hujaribu kurudi mahali pake, lakini hurudi kwa upande usio sahihi. Hujisahihisha tena, hukosea tena, na mara huanza kuzunguka katika duara linalozidi kupanuka. Asiyejua hudhani ni upepo, au hudhani kwamba mtu mwingine amekiteka chombo chake.

Sasa mtu huyo akiuliza, jibu la haraka analolipata ni hili: sawazisha dira. Naye hutii. Husimama juu ya sakafu ya zege yenye nondo ndani yake, au huweka chombo juu ya boneti ya gari, simu na funguo zikiwa mfukoni, akaisawazisha dira katikati ya chuma. Amefanya alivyoambiwa, na hitilafu imezidi. Swali ambalo lingetangulia ni moja tu: umesimama wapi? Mtoa msaada aliyeuliza hivyo angemwambia aende uwanjani, mbali na magari, mabati na nguzo za umeme, aondoe vyuma mwilini, kisha ndipo asawazishe. Swali hilo halina gharama, wala halihitaji fundi kutoka ng'ambo.

Kadhalika droni inayopinduka mara tu inapotaka kupaa. Nyingi ya droni hizi zina mota nne. Mbili huzunguka kwa mwendo wa saa na mbili kinyume chake, na mapanga yake hayabadilishani nafasi. Mwenye chombo akibadilisha panga lililovunjika na kulifunga mahali pasipo pake, chombo hulala kifudifudi. Picha moja ya alama za mapanga yatosha kumaliza shauri. Lakini akiambiwa kwanza kwamba apeleke chombo kiwandani, atangoja miezi kwa kasoro ya dakika mbili.

Droni isiyorudi nyumbani nayo ina mambo yake. Chombo hukumbuka mahali kilipoondokea endapo tu kimepata setilaiti za kutosha kabla ya kupaa. Mwenye haraka akirusha kabla ya hapo, chombo kikipoteza mawasiliano hakitajua pa kurudi, au kitarudi mahali pengine. Tena, kimo cha kurudia huwekwa na mwenye chombo mwenyewe. Kikiwa chini ya kimo cha miti au mnara ulio njiani, chombo chaweza kurudi moja kwa moja kikaugonga. Mtoa msaada asiyeuliza habari za kimo na za setilaiti hawezi kujua kama tatizo ni la chombo au la mrushaji.

Betri ndiyo yenye hatari kupita yote. Betri za lithiamu hazipendi kuachwa zimejaa kabisa kwa wiki nyingi, wala kuachwa tupu. Iliyovimba haifai kuchajiwa tena, haifai kutobolewa, wala haifai kubanwa ili iingie mahali pake, kwani yaweza kuwaka moto mkali. Jibu la kwanza kwa mtu anayesema betri yake imevimba liwe ni amri: acha, iondoe karibu na vitu vinavyoungua, usiichaji. Maswali ya dhamana na ya risiti yaje baadaye. Aidha, sheria za usafiri wa anga zinakataza kabisa kusafirisha betri ya lithiamu iliyoharibika kwa ndege. Kampuni inayomwambia mteja wa Afrika ya Mashariki atume betri mbovu ng'ambo kwa posta ya ndege inamwagiza avunje sheria.

Makampuni husema kwamba hitilafu nyingi husababishwa na mrushaji mwenyewe. Hatukatai kwamba mara nyingi ni kweli. Lakini hoja hiyo haiwaondolei wajibu. Mrushaji anayekosea kwa kutojua ndiye hasa anayehitaji kuelekezwa, na ikiwa watu elfu wanakosea jambo lile lile, basi maelezo yaliyomo sandukuni yana walakini. Husema pia kwamba kumweka mtu wa kujibu ni gharama. Ni gharama kweli. Lakini gharama hiyo ilikwisha tozwa siku chombo kilipouzwa, na haifai mtengenezaji achukue faida, kisha raia aliye chini ya chombo ndiye abebe hasara.

Kwa hiyo twatoa mapendekezo yafuatayo kwa makampuni, na kwa mamlaka zinazotoa vibali vya vyombo hivi.

Kwanza, msaada utolewe kwa Kiswahili pia. Lugha hii husemwa na mamilioni ya watu, toka pwani mpaka mashariki ya Kongo, na vyombo vinauzwa kwao. Namba ya hitilafu inayotokea katika kioo cha simu ifuatwe na maneno mepesi yanayosema mambo matatu: kuna nini, naweza kuruka au la, na nifanye nini sasa.

Pili, maswali yafuate mpangilio, na usalama utangulie. Mteja asiambiwe hata mara moja kwamba akipandishe chombo kibovu juu ili kukijaribu. Majaribio yafanywe chini, mapanga yakiwa yameondolewa pale inapowezekana.

Tatu, mashine ya kujibu isiwe ukuta. Ikishindwa mara mbili, impeleke mteja kwa mtu, na mtu huyo apokee yote yaliyokwisha kusemwa. Mteja apewe namba moja ya shauri lake na siku ya kujibiwa. Hakuna kinachomchosha raia kama kueleza habari ile ile kwa watu watano, kila mmoja akianza upya kama kwamba wenzake hawakuwapo.

Nne, wafikiriwe wenye mtandao hafifu. Maelekezo yawe mafupi, ya maandishi, yanayoweza kuwekwa katika simu na kusomwa hata mtandao ukikosekana. Programu mpya iweze kuchukuliwa mjini katika kadi ya kumbukumbu na kupelekwa kijijini.

Tano, wateja kadhaa wakileta kasoro moja, kampuni itangaze kwa wote na iiarifu mamlaka ya usafiri wa anga ya kila nchi inakouza. Kumjibu kila mmoja kwa siri kana kwamba ni yeye peke yake aliyepatwa ni kuficha moto chini ya majivu.

Sita, kampuni iseme tangu siku ya kuuza itatoa msaada na programu kwa miaka mingapi, na ahadi hiyo iandikwe juu ya sanduku.

Mamlaka nazo zina sehemu yao. Kenya, kwa mfano, ilitunga kanuni za vyombo visivyo na rubani mwaka 2020, na katika nchi jirani pia mwenye chombo hutakiwa kupata kibali kabla ya kurusha. Kibali kimekuwa kikitazama zaidi ni nani mwenye chombo na atakirusha wapi. Yafaa kitazame pia ni nani atakayekitengeneza. Muuzaji anayeingiza vyombo mia moja aonyeshe walau fundi mmoja aliyefunzwa, akiba ya mapanga na betri, na mahali pa kukusanyia betri mbovu.

Lipo jambo moja ambalo askari wanapaswa kulitazama kwa jicho lao wenyewe. Ili kutafuta kiini cha hitilafu, kampuni huomba kumbukumbu za safari. Kumbukumbu hizo husaidia sana, kwa maana huonyesha kimo, mwendo, hali ya betri na kila amri iliyotolewa kwa rimoti. Lakini huonyesha pia mahali chombo kilipopita, na picha zaweza kuonyesha yaliyokuwa chini. Agosti 2017 Jeshi la nchi kavu la Marekani liliwaamuru askari wake waache kutumia vyombo vya DJI kwa hofu ya usalama wa habari, na mwezi ule ule kampuni hiyo ikatangaza kwamba itaweka njia ya kurusha bila programu yake kuwasiliana na intaneti. Twajifunza kwamba msaada na usiri vyaweza kwenda pamoja endapo kampuni inalazimika kuvifikiria vyote viwili. Iombe kumbukumbu za safari yenye hitilafu tu, kwa ridhaa ya mwenyewe, na iseme itazihifadhi kwa muda gani.

Askari mwenye droni yake binafsi asiirushe karibu na kambi, kituo wala ghala, wala asipeleke kwa kampuni yoyote kumbukumbu au picha zinazoonyesha mahali hapo. Chombo cha kikosi kikiharibika, swali lipitie kwa ofisa anayehusika. Asitokee koplo akalipeleka kwa simu yake mwenyewe, hata kama nia yake ni njema na kazi inangoja.

Na askari anayeikuta droni imeanguka asiharakishe kuhukumu. Huenda ni ya mpelelezi, na huenda ni ya mpiga picha wa arusi ambaye dira yake ilidanganywa na nondo. Kazi yake ni kuhifadhi ukweli. Awaondoe watu na hasa watoto, asubiri mapanga yasimame, asiiguse betri iliyovimba au inayotoa moshi, asilikanyage wala kulifungua lile gamba. Aandike saa, mahali, hali ya upepo na namba ya chombo, na aikabidhi kadi ya kumbukumbu ikiwa nzima. Mwenye chombo akijitokeza, aulizwe kama alikuwa ameona onyo lolote kabla ya kurusha, na kama aliomba msaada, alijibiwa nini. Jibu la swali hilo laweza kumtofautisha mkosaji na mtu aliyetafuta msaada akakosa.

Taarifa hizo zisiishie katika kabati la kituo. Zikipelekwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, zikalinganishwa, kasoro ya aina moja ya chombo itajulikana mapema. Betri moja iliyozimika ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Betri tano za aina moja zilizozimika katika wilaya tatu ni habari ambayo kampuni haiwezi kuikanusha, na serikali ina haki ya kudai majibu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Raia anayeketi usiku na simu yake mkononi, akiuliza kwa nini chombo alichokinunua kwa akiba ya mwaka mzima kinazunguka hovyo, anajaribu kuziba ufa. Makampuni na yamjibu kwa lugha anayoifahamu na kwa wakati unaofaa. Mamlaka na ziyashurutishe yasipotaka. Nasi askari na tufanye sehemu yetu kwa kuandika kila tukio kama lilivyokuwa, ili siku wanapoulizwa walioviuza vyombo hivyo, pawe na ushahidi mezani.